Mbuzi wa Eunice Hasomeki

Benchi letu hapa Kiritiri limeegemea bucha ya Abubakr, tunayemwita Kamati kwa sababu hakubali jambo lolote kabla halijajadiliwa. Mwanarusi, muuza kahawa wetu, huleta birika la kahawa chungu, sisi tunaleta midomo. Leo asubuhi Eunice, jirani yetu mjane, alifika akivuta mbuzi wake, macho mekundu. Mradi uliowapa akina mama mbuzi umewavisha wanyama hereni zisizo na chipu, ni mistari ya wino wa madini tu. Mashine ya mradi pale sokoni hutuma mawimbi ya redio, mistari huyarudisha kwa namna yake, na mbuzi anajulikana. Wa Eunice alikataa kujulikana. Mbuzi asiyesomwa kufikia saa saba leo anahesabiwa ameuzwa, na mwenye mbuzi anatolewa kwenye kikundi cha mradi. Roho iliniuma, maana mbuzi mwenyewe alikuwa hapo anatafuna kamba.

— Nimemwambia Adrian wa mradi, si mbuzi ndio hii, — Eunice alisema. — Ananiambia neno yangu peke yake haitoshi.

— Inalala wapi? — aliuliza Hezekiah. Huyu aliwahi kulinda mlingoti wa simu, akajipa cheo cha Injinia.

— Kwa stoo ya makaa. Wezi wamezidi, nitaiweka wapi?

— Basi ni hiyo. Vumbi ya makaa inakula mawimbi.

Hapo alisema la maana, na angenyamaza tungemheshimu. Mwanarusi alilowesha kitambaa, akapangusa lile sikio hadi hereni ikang'aa, na Eunice akarudi sokoni mbio. Alirudi polepole. Mashine ilikuwa imetoa namba ya mbuzi mwingine kabisa. Adrian alikuwa amemweleza kwamba maji nayo huvuruga, na mabati ya zizi la pale sokoni pia yanarudisha mawimbi, yote yanachanganyika na mashine haijui lipi ni la hereni. Eunice alikaa chini kando ya mbuzi wake, akampangusa tena sikio kwa leso kavu. Sisi tukamiminiwa kahawa.

— Mimi nachinja hizi vitu kila siku, — Kamati alisema. — Mbuzi ni maji tupu. Wimbi ikishaingia kwa tumbo, itatokea wapi?

— Inatokea Mikinduri, — Injinia akajibu bila kupepesa macho. — Kuna mtu huko sasa hivi anahesabiwa mbuzi mbili na ako na moja.

— Basi atafutwe arudishe hiyo moja.

— Atarudisha nini na hajui ako nayo?

Tulibishana hivyo, na nikiri nilikuwa naona raha. Mimi ndiye niliyesema mbuzi aelekezwe upande wa mlingoti, tukamgeuza watu wazima watatu, naye akatunyia viatuni. Injinia akasema hiyo ni dalili nzuri. Hata Eunice alicheka kidogo, kisha akaangalia jua na kicheko kikamwisha.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi Lydiah, mama kutoka Gachoka aliyeleta ndengu sokoni, akingoja kahawa yake ipoe. Aliweka kikombe chini.

— Samahani wazee. Huyu mama ameambiwa neno yake peke yake haitoshi. Nyinyi mmeshinda na hii mbuzi tangu asubuhi. Mbona bado ako peke yake?

Injinia alichungulia ndani ya kikombe chake. Kamati, ambaye ana jibu la kila kitu, alipangusa kisu kilichokuwa kisafi. Aibu niliyoisikia mimi sitaki kuisikia tena.

Kamati akavua aproni na kufunga bucha, kitu ambacho hajawahi kukifanya siku ya soko. Mwanarusi aliacha birika kwenye jiko. Eunice alinipa kamba nishike, akajifunga leso upya, akatangulia kuelekea sokoni, nasi mashahidi wake nyuma. Kahawa yetu ilibaki kwenye benchi ikitoa moshi.