Kopo Lililobaki kwa Fundi Cherehani

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kopo, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala. Alisoma kuanzia 1959 hadi 1966. Akiwa darasa la tano aliwaambia wenzake kwamba tundu la msumari dirishani lilichora miti ya uwanjani ukutani, kichwa chini miguu juu. Mwalimu alimchapa kwa uongo, bila kwenda kuangalia.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika studio ya picha za pasipoti, akadumu hapo miaka arobaini na moja. Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1978. Siku hiyo bibi harusi alikaza shingo mbele ya kamera, na tangu hapo hakuna picha aliyopigwa bila kuikaza.

Studio ilipofungwa, marehemu alibaki na maboksi ya karatasi za picha. Alichukua makopo ya maziwa ya unga, akayapaka rangi nyeusi ndani, akayatoboa kwa ncha ya sindano, akatia karatasi ndani na kuziba tundu kwa utepe. Majirani walishuku bomu, wengine uchawi. Mkewe alishuku mwanamke.

Sababu alikuwa nayo. Tangu Februari mwaka jana, kila Jumamosi saa kumi, mume alivuka barabara na kopo kwapani, akaingia kwa mwanamke fundi cherehani, akakaa humo nusu saa.

"Kwa fundi kuna mwanga gani ambao kwetu haupo?" mke aliuliza.

"Kuna dirisha," alijibu, akaenda.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mke alikaa kizingitini kuulinda mlango ule, akiinuka kuchungulia, akikaa tena. Jumamosi tarehe 1 Juni 2024 aliapa kutoinuka wala kupepesa jicho mpaka mtu atoke. Aliyetoka ni fundi cherehani, akipiga kelele. Moyo uliokuwa ukimsumbua marehemu tangu Januari ulimwangusha kule kule. Mkewe alimuuguza hospitalini siku tatu bila kumuuliza alifuata nini kwa fundi. Mume alifariki Jumanne tarehe 4 Juni, saa nne asubuhi.

Siku ya pili ya msiba fundi cherehani aliingia na kopo kifuani.

"Hata leo?" mjane alisema.

"Dada, mumeo aliniomba dirisha tu. Hili ni la siku ile. Alianguka akiinuka kurudisha utepe tunduni, nikaurudisha mimi."

Binti yao wa kwanza, aliyefundishwa kazi na baba yake, aliisafisha picha bafuni, blanketi likiwa dirishani. Barabara ilitoka tupu, ingawa Jumamosi hupita watu na baiskeli tele. Kopo, likiachwa wazi nusu saa, hushika kilichotulia tu. Kizingitini alikaa mwanamke mmoja, kidevu mkononi, shingo imelegea, macho makali.

"Zilizotangulia zilitoka ukungu, ulikuwa huishi kuinuka," alisema fundi cherehani. "Aliniambia nisikwambie, ungekaza shingo."

Mjane alilia kwa aibu na kwa furaha. Picha hiyo imechapwa nyuma ya ratiba hii ya mazishi kwa ombi lake.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na makopo kumi na tisa. Mjane anaomba msamaha wake usomwe mbele ya kaburi: "Baba watoto, nilidhani ni mimi ninayekuchunga. Lala salama. Leo nimetulia."