Kumuaga Shangazi Udongo, Mshauri Wetu wa Alhamisi

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi, Ndugu Muuguzi Mkuu, wakuu wa idara, familia ya mstaafu wetu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu mnaochungulia saa kwa sababu wodi zinawasubiri: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nimsemee mshauri nasaha wetu, ambaye hospitali nzima inamwita Shangazi Udongo. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata miaka sita iliyopita, alipoingia chumba cha mashuka na ndoo ya udongo wa mfinyanzi, akatutaka wauguzi, madaktari na wafagizi tukutane naye kila Alhamisi baada ya kukabidhiana zamu, tufinyange na kuzungumza juu ya kazi yetu.

Tulimcheka. Mimi ndiye niliyesema, tena kwa sauti, "Sisi tumesomea uuguzi, siyo vyungu." Naye akajibu kwa upole, "Basi njoo ukae tu, mwanangu. Viti vipo."

Siku hiyo alikuwepo pia daktari wetu wa upasuaji, tuliyemwita Radi, na sababu mnaijua mliowahi kuchelewesha mkasi. Alifinyanga kwa bidii, uso umekunjamana. Mfagizi akamuuliza, "Daktari, hilo ni birika?"

"Ni ng'ombe," akasema Radi.

Chumba kikaangua kicheko, na Radi mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani. Nani kati yetu alikuwa amewahi kuyaona meno yake?

Nami, bila kupanga, vidole vyangu vilikuwa vimetengeneza kandambili ndogo. Shangazi akauliza ni ya nani. Nikamwambia. Ilikuwa ya binti wa miaka minne aliyefariki wodini kwangu Jumatatu ile, baada ya upasuaji. Viatu vyake vilibaki chini ya kitanda, nikavifunga kwenye mfuko, nikampa mama yake, nikanawa mikono, nikaenda kumchoma sindano mtoto wa kitanda cha pili. Je, kuna aliyeniuliza hali yangu? Na mimi, nilimuuliza nani hali yake? Mfukoni nilikuwa na barua ya kuacha kazi, na nyumbani nilikuwa nimeshageuka mbogo kwa watoto wangu.

Radi akasema taratibu, "Nesi, nami nilikuwepo. Upasuaji ule naurudia kichwani kila ninapooga."

Hakuna aliyenihubiria, wala aliyeniambia nijikaze. Walikaa nami. Jioni mume wangu akaniuliza mbona kucha zina udongo, nikamweleza yote, na ndipo nikalia kilio nilichokuwa nimekizuia siku tatu. Barua ile sikuipeleka.

Sisemi Alhamisi zimetuondolea vifo au uhaba wa watu, maana uongo hauna miguu na wodi haijapungua wagonjwa. Nasema tumejifunza kuulizana kabla mtu hajavunjika, na leo hii Radi anasema "tafadhali" katika chumba cha upasuaji. Mashahidi wapo humu.

Wiki iliyopita tulimkalisha Shangazi kwenye kiti chetu, tukampa yeye udongo. Aliushika muda mrefu asifinyange kitu. Kisha akasema, "Siku ile ya kwanza niliwaogopa. Nilisimama nje ya mlango na ndoo yangu dakika kumi, nikitafuta kisingizio cha kurudi nyumbani."

Shangazi, hatukujua. Uliingia hata hivyo, na kwa sababu uliingia, mimi nimesimama hapa leo nikiwa bado nimevaa sare hii.

Tunakushukuru wewe, tunaishukuru familia iliyotuazima mama yao, nanyi nyote asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa nendeni wodini, wenzenu wamechoka.