Mstari wa Juu wa Jina la Babu

Sogeeni, wanangu, sogeeni nyote wawili, na wewe Boan acha kuzungukazunguka hapo mlangoni kama kuku anayetafuta pa kutagia; anayeondoka leo ni mimi, si wewe. Hapana, Cuilan, usinifunike, shuka hili linanichoma. Fungua dirisha. Lifungue lote! Nina neno, na nisipolisema leo nitakwenda nalo kwa wazee wetu, na huko sijui nitalificha wapi.

Nyumba ni ya Boan, na kiunga cha chai kule mlimani, na mbao zote za kuchapia vitabu zilizo ghalani, isipokuwa mmoja. Visu vyangu kumi na viwili ni vya Cuilan. Nyamaza, Boan! Najua utasema mwanamke hachongi. Huyu amechonga miaka tisa nyuma ya pazia, na wateja wakanisifu mimi, nami nikazipokea sifa nikanywea chai. Mkono wake unaushinda wako, na wangu pia unaushinda.

Sasa toeni ule ubao ulio chini ya kitanda, wa kitabu cha dawa, ukurasa wa thelathini na moja. Tangu mavuno nimeulalia, na tangu mavuno sijalala. Niwekeeni hapa kifuani. Maandishi yamegeuzwa, lakini nyinyi mmesoma kinyume tangu utotoni. Soma, Boan. "Mzizi huu una sumu, uchemshwe michemko kumi, ndipo unywewe." Umesoma vizuri. Mganga aliyetuletea mswada aliandika elfu.

Babu yenu, baba yangu, aliitwa Qian, na maana yake ndiyo elfu hiyo hiyo. Na adabu yetu mnaijua: mtoto hataji jina la babaye, na akilazimika kuliandika hulipunguza mstari mmoja, asije akaonekana amelishika lote kama mali yake. Kwa maandishi yetu, elfu ukiiondolea mstari wa juu inabaki kumi. Hata mtoto aliyeshika kalamu jana analijua hilo. Nami nililijua, wanangu, na kisu kikapita vilevile, kwa mazoea na kwa majivuno, maana mji mzima ulikuwa ukisema hakuna mwana mwenye adabu kama Liao Yu. Wewe Cuilan uliona siku ileile. Uliniuliza, "Baba, michemko kumi inatosha kweli?" Nikakujibu, "Kasage wino." Nisamehe, mwanangu. Nimeona aibu kukuomba hata leo.

Fang muuza tofu, jirani yetu, baridi ilimshika magoti, akaja kuchukua kitabu hapa, nikamfungia kwa mikono yangu hii. Kesho yake alikunywa mzizi ule, jioni akafa, midomo imekufa ganzi. Mkewe akaniletea sufuria, ameikumbatia. "Mzee Liao, wewe ni msomi, niambie. Kila povu likipanda nilitia maji baridi, nikahesabu. Mtoto alikuwa analia. Labda niliruka mara moja, labda zilikuwa tisa?" Nikamtazama mama wa watu, nikamwambia, "Pole, mama, kuhesabu ni kazi ngumu." Hayo ndiyo niliyomwambia! Kuhesabu ni kazi ngumu!

Nyamazeni kidogo. Mnamsikia mjane wa Fang huko nje? Anahesabu maharage, bakuli kwa bakuli, kisha anayarudia. Anahesabu ngazi, anahesabu mayai, anahesabu vidole vya mwanawe. Mnadhani ni kichaa, na wewe Boan umewahi kumcheka mbele ya watu. Huo si wazimu wake, ni wangu, nimemtwisha yeye. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi hiki hapa kimefika.

Sikilizeni basi, maana pumzi inanikimbia. Cuilan, itoboe hiyo kumi itoke, pigilia kipande kipya cha mkunazi, kisha uchonge elfu kamili, na mstari wake wa juu. Boan, usinikunjie uso. Unasema tutamtukana babu? Babu nitakutana naye mimi, kabla yako, na magoti nitapiga mimi. Chapeni ukurasa huo, mbandike tangazo sokoni na kwenye lango la hekalu, muwape wachukuzi wa chumvi wapande nalo mtoni, kila mwenye kitabu chetu abadilishiwe. Duka litafungwa? Na lifungwe. Kiunga cha chai kipo, mtakula.

Na jina langu msilipunguze. Yu ni johari. Mkiiondolea nukta inabaki mfalme, na mfalme aliyepo hapendi mwenziwe, watawakata vichwa bure... Cheka, Cuilan. Ulikuwa ukicheka sana zamani.

Maji... basi, yatosha. Mpendane. Boan, dada yako usimfungie tena nyuma ya pazia. Mizizi yenu ishike, watoto wenu wasome, na wakisoma wasidanganywe na mkono wetu. Nimewaridhia, wote wawili, nimewa...

Mbona kumekuwa kimya? Ameacha kuhesabu? Boan, nenda kamwite. Kimbia, mwanangu, mwite aje asimame hapa nimwambie mwenyewe. Na kama hatawahi... kama hatawahi, mwambieni nyinyi, mbele ya watu, kwa sauti... Hakuruka hata moja. Zilikuwa kumi. Mama wa watu... zilikuwa kumi.