Mbao za Nashilu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea safari ya mpendwa wetu Gadiel Yoeli Kisioki, aliyezaliwa hapa Olasiti tarehe 9 Machi 1968, akasoma shule ya msingi hapa hapa nyumbani, mwaka 1986 akajifunza uchapaji kwa fundi mmoja mjini, na mwaka 1995 akafungua karakana yake Themi, ambako alibuni nembo za timu za mpira, mabango ya maduka, kadi za harusi na ratiba za misiba za wengi waliomtangulia, lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuchonga picha kwenye ubao wa mringaringa, kuupaka wino na kuugandamiza kwenye karatasi.

Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na Nalepo, wakajaliwa Yoeli, kisha Nashilu, aliyefariki kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 2010 akiwa na miaka tisa, na mama yake, kwa uchungu, akazitia picha zake zote jenezani. Tangu hapo, kila mwaka Gadiel alichonga uso wa binti yake ukiwa umekua mwaka mmoja zaidi, ila Nalepo alimkataza kuuchapa, akisema hana nguvu za kumzika mtoto mara ya pili, naye akatii, akazilaza zile mbao kifudifudi nyuma ya nyumba, na mama hakwenda kuzitazama.

Saratani ya koo iligundulika Januari 2024, ikamnyang'anya sauti, ikamchukua Alhamisi tarehe 6 Machi 2025. Jumapili, kuni za msiba zilipoisha, vijana wetu, kwa nia njema kabisa, walizitia motoni zile mbao zilizojaa vumbi wakidhani ni mabaki ya fundi, na sisi sote tukala chakula kilichoivia juu yake. Jambo hilo linatuuma sana, wala hatumlaumu mtu. Nalepo alipouona uso mmoja kati ya mafiga aliingiza mkono motoni, ndiyo sababu mnamwona na bandeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliolala nasi hapa chini, na wachapaji wenzake wa Themi waliofunga kazi ili wamsindikize.

Picha iliyosimama pembeni ya jeneza si ya marehemu. Ni Nashilu, kama angefika miaka kumi na saba, shavu moja limeungua, amechapwa jana na kaka yake kwa ombi la mama, na mama anaomba kila atakayepita kuaga amtazame.

Pumzika kwa amani, Gadiel, Nalepo amemtazama.