Darasa Lililotaka Niondolewe

Kanisa, Sabato njema! Itikieni kwa nguvu, maana leo nimekuja na furaha.

Wengi mnanijua, mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari ya kutwa hapa kwetu Magwagwa. Msichojua ni kwamba mwaka juzi wanafunzi wangu walinikataa. Kidato cha pili, darasa zima, walimwandikia mwalimu mkuu: "Tunaomba mwalimu mwingine. Kwa huyu tunalala tu." Barua ikasomwa mbele ya walimu wenzangu. Ndugu zangu, nawaambia, nilitoka pale nikajifungia maabara nikalia.

Na walisema kweli. Niliingia, nikajaza ubao, wakanakili, kengele ikalia. Aliyeuliza swali nilimfokea. Baada ya barua ile nikaanza kutafuta uhamisho wa kwenda Kisii.

Jioni moja mwenzangu anayefundisha voliboli aliniita uwanjani. Wale wale waliosinzia kwangu walikuwa wanaruka, wanapangana, wanakosoana, jasho linatiririka. Akaniambia, "Madam, hawa si wavivu. Wape kitu cha kushindania pamoja."

Jumatatu nikagawa darasa timu nne. Wakajipa majina wenyewe. Moja ikajiita Radi. Jamani, wiki ya kwanza ilikuwa aibu! Wajuzi walijibu kila kitu, wengine wakabaki watazamaji, na timu mbili nusura zipigane. Nilikaribia kuacha. Kisha nikabadilisha sheria: wa kwenda ubaoni anachaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, hakuna kumnong'onezea, na alama yake ni ya timu nzima.

Weh! Ghafla wale wajuzi wakaanza kuwafundisha wenzao hata wakati wa mapumziko, kwa Kigusii, kwa Sheng, kwa lugha yoyote ile, mradi hesabu iingie.

Ijumaa moja kura ikamwangukia msichana wa Radi ambaye tangu kidato cha kwanza sikuwahi kusikia sauti yake. Timu yake ilikuwa nyuma. Akaandika mistari miwili, akakwama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshikilia meza.

Akafuta yote. Akaanza upya, sasa akisema kila hatua: "Hapa naondoa tatu pande zote mbili..." Akafika mwisho, akageuka. "Madam, x ni saba."

Ilikuwa saba! Kanisa, darasa lilipasuka kwa vifijo. Hata wa timu nyingine walisimama kumpigia makofi. Kengele ililia, hakuna aliyetoka. "Madam, swali moja tu zaidi!" Wananiambia mimi, yule waliyemkataa!

Leo wako kidato cha nne, na ni wao walioomba niendelee nao. Muhula uliopita tulienda mashindano ya hisabati mjini Nyamira, tukarudi na kombe, na nahodha alikuwa msichana huyo huyo. Mama yake yuko humu ndani, anapangusa machozi. Simtaji.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwenzangu wa voliboli, na mwalimu mkuu aliyenivumilia, na mume wangu aliyekataa tufungashe vitu.

Mzazi, mwalimu mwenzangu, ukimwona mtoto amenyamaza, usiseme hana kitu. Mpe wenzake wa kuwategemea, kisha umpe na yeye nafasi ya kutegemewa. Halafu kaa kando umwone.

Mnaoamini, semeni amina!