Mluzi wa Kumshusha Wacuka

OPERETA: Kaloleni, ongea. Machakos yuko kwenye laini.

MUASYA: Haloo. Haloo? Nani huyo?

TERESIAH: Mwalimu Muasya? Ni mimi, Mama Wacuka. Wa Kaloleni, Nairobi.

MUASYA: Mama Wacuka. Siku nyingi. Habari za—

TERESIAH: Mwalimu, salamu tutapeana Mungu akipenda. Wacuka yuko juu ya mti, na miti inakatwa.

MUASYA: [laini inakwaruza] Sema tena. Kuna kelele.

TERESIAH: Hiyo kelele ndiyo msumeno wenyewe, ule wa injini. Wanakata ile mizambarau nyuma ya ukumbi, wapitishe bomba la maji machafu. Wameanzia upande wa reli, wanakuja huku. Mtoto amepanda tangu asubuhi na sijui ni mti upi. Majani yamefunga, huoni kitu.

MUASYA: Mwite jina.

TERESIAH: Nimeita mpaka koo limekauka. Haitiki. Si wewe uliwafundisha?

MUASYA: Niliwafundisha—

TERESIAH: Kwamba mtoto akiwa mtini hajibu mtu, hata mama yake, ndege wasiruke. Wala hashuki mpaka mwalimu apige mluzi.

MUASYA: Hiyo ilikuwa ya masomo ya ndege tu, mama. Utafiti uliisha mwaka jana.

TERESIAH: Kwako uliisha. Yeye hupanda kila Jumamosi.

MUASYA: Kila Jumamosi?

TERESIAH: Anakaa akingoja mpaka giza linaanza kuingia, halafu anateremka hasemi na mtu. Jana nikamwambia ukweli, mwalimu alihamia Machakos, harudi. Nilidhani nafanya vizuri. Akasema basi akipanda hatashuka mpaka aitwe.

MUASYA: Mimi niliandika... Niliandika kwenye ripoti kwamba mwalimu akiondoka, watoto wa mjini hawarudi kwenye miti yao.

TERESIAH: Huyu alirudi.

MUASYA: Nyapara wao anajua? Mlete kwa simu nizungumze naye.

TERESIAH: Kabiru? Nimempigia magoti kwenye tope. Tatizo jana jirani yangu Mama Mbeti alimdanganya kuna nyuki humo, ili waache kukata, wakapoteza asubuhi nzima. Leo nikisema kuna mtoto, ananiuliza kesho tutaleta chui? Kwa simu amekataa kuja.

MUASYA: Na wanaume wa mtaa?

TERESIAH: Wako kazini. Humu ofisini tuko mimi na Nerima, karani wa ukumbi, ndiye amenipa simu. Na Koki, yule rafiki ya Wacuka. Ndiye alimwona akienda huko.

MUASYA: Koki alikuwa kwenye kundi langu. Mluzi anaujua. Mwambie atoke apige—

TERESIAH: Koki ameng'oka meno ya mbele, mwalimu. Anatoa upepo tu. Nifundishe mimi.

MUASYA: Wewe?

TERESIAH: Najua. Mimi ni mjane, tena mtu wa kanisa, na kwetu mwanamke hapigi mluzi. Hata marehemu hakuwahi kunisikia. Bwana Mungu tutaongea naye baadaye. Piga nisikie.

MUASYA: [mluzi: mmoja chini, miwili juu, wa mwisho mrefu]

TERESIAH: Rudia. Huo msumeno... rudia.

MUASYA: [mluzi, polepole]

TERESIAH: Ffff. Fffff—

MUASYA: Lowesha midomo. Ikaze kama unapuliza makaa ya jiko. Usipulize kwa hasira.

TERESIAH: Si hasira, ni haraka. Fff— fiii—

MUASYA: Umetoka huo. Tena.

TERESIAH: [mluzi mwembamba, unakatika] Koki anatikisa kichwa. Nimekosea wapi, mtoto wangu? ... Anasema wa mwisho uwe mrefu. Eti kama vile mwalimu hataki kwenda nyumbani.

MUASYA: Ndiyo. Uwe mrefu.

OPERETA: Dakika tatu zimekwisha. Kaloleni, mnaongeza?

TERESIAH: Ongeza, dada yangu.

OPERETA: Kuna watu wanangojea laini.

TERESIAH: Dada, ni mtoto.

OPERETA: Haya, ongeeni.

[Mshindo mkubwa.]

MUASYA: Mama Wacuka? Ni nini hicho? Mama—

TERESIAH: Umeanguka mmoja. Nerima yuko dirishani, anaangalia... Nerima, sema basi... Anasema ni mtupu. Ni matawi tu. Asante Baba. Asante.

MUASYA: Msumeno siusikii tena.

TERESIAH: Wameuzima, wanautia mafuta. Wamesimama chini ya ule unaofuata.

MUASYA: Basi nenda sasa, kabla hawajauwasha. Akisikia atajibu kwa mluzi mmoja mfupi. Akijibu ujue anashuka. Na ukimshika, mwambie kwamba mimi—

TERESIAH: Utakuja umwambie mwenyewe. Simu naiacha mezani. Bwana, nipe pumzi.

MUASYA: Mama? ... Haloo?

[Mlango. Viatu vinakimbia kwenye changarawe.]

[Mluzi kwa mbali, unatetemeka: mmoja chini, miwili juu. Wa mwisho unakatika.]

MUASYA: Mrefu, mama. Mrefu.

[Kamba ya injini inavutwa. Haiwaki.]

OPERETA: Machakos, muda wenu—

MUASYA: Usikate, dada. Nakuomba.

[Kamba inavutwa tena. Injini inakohoa, inazimika.]

[Mluzi: mmoja chini, miwili juu. Wa mwisho mrefu, unaendelea, unaendelea mpaka pumzi inaisha.]

MUASYA: Jibu, Wacuka. Jibu.

OPERETA: [kwa sauti ya chini] Atajibu?

MUASYA: Sijui.

[Laini inakwaruza.]

[Mluzi mmoja mfupi, wa mtoto.]

OPERETA: Ni yeye huyo?

[Sauti ya nyapara kwa mbali: Weka chini! Weka huo msumeno chini!]

MUASYA: Ni yeye.

OPERETA: Basi nikate, bwana? Watu wananingojea.

MUASYA: Kata, dada. Nakimbilia basi la Nairobi.