Chumvi Katika Wali wa Mbwa Wangu

Wapendwa, jina la Bwana libarikiwe. Mimi ni Mama Mutheu wa Shimba Hills, mfuaji wa nguo katika nyumba za wageni kule Diani. Shule niliishia darasa la tano, kwa hivyo mnivumilie. Najua wengine mtacheka mkisikia ushuhuda wa mbwa. Chekeni kwanza, halafu mnisikilize.

Ndugu zangu, mbwa wangu aliitwa Bosi. Tangu mume wangu afariki, ni yeye aliyenilindia mahindi. Nyani wakiingia asubuhi, saa sita huna shamba. Basi Bosi akaanza kukonda, akawa anakunywa maji kama ng'ombe na kutapika. Daktari wa mifugo kule Ukunda akampima damu, akasema ni figo. Akanionyesha chakula maalum cha mbwa wa figo. Mfuko mmoja ulipita kipato changu cha wiki mbili. Nikamwambia, "Daktari, cha bei hiyo hata mimi sijawahi kula." Akanipangia cha kupika mwenyewe: wali, ute mweupe wa yai, nyama kidogo, maji tele. Akanionya asionje chumvi wala dagaa.

Hata hicho hakikuwa rahisi kwangu. Niliacha sukari kwenye chai. Nilichukua nguo za nyumba mbili zaidi, mikono ikachubuka. Jirani yangu Bi Mwanakombo, ambaye ni Mwislamu na mbwa hamgusi, aliniletea mayai. Akasema, "Huyu ananilindia na mimi, dada. Chukua, ila asinisogelee." Bosi akapata nafuu. Akarudi kubweka shambani.

Hapo ndipo nilipoharibu. Wa kulaumiwa nawataja, sifichi. Wa kwanza ni mhubiri mgeni aliyejiita Nabii Joeli, aliyekuja na pakiti za chumvi ya upako. Wa pili ni Dada Beatrisi wa kikundi chetu cha maombi, aliyemzungushia hizo pakiti nyumba kwa nyumba. Alinikuta jikoni akaniambia, "Watu wanakula ugali na mchicha, wewe unampikia mbwa wali na mayai. Hiyo si huruma, mama, ni kukosa imani. Mtilie hii apone, uache kumtumikia mnyama."

Nilikuwa nimechoka, ndugu zangu. Nilitaka neno la kunipumzisha. Pesa ya nyama nikaitoa sadaka, nikapewa pakiti. Nikamtilia Bosi katika wali asubuhi na jioni, nikiomba. Siku ya sita hakusimama. Nikamwita daktari, akaniuliza, "Mama, umempa nini?" Nikasema, "Sijampa kitu." Niliogopa kuonekana mjinga. Bosi alikufa kesho yake, kichwa kikiwa mguuni pangu. Mtu wa tatu wa kulaumiwa ni mimi.

Nilimchukia Beatrisi miezi mitatu. Salamu yake sikuitikia. Mahindi yaliliwa yote na nyani, na kila gunzi lililotafunwa nililiandika kwa jina lake moyoni. Siku moja nikaenda kwake kumtukana. Nikamkuta anamlisha mama yake uji. Mama yule ana presha, miguu imevimba kama mihogo. Na ndani ya uji, Beatrisi alikuwa anatia chumvi ile ile.

Matusi yote yakanitoka kichwani. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Beatrisi, mbwa wangu nilimuua kwa hiyo, na daktari nikamdanganya. Wewe usimdanganye daktari wa mama yako." Akaniangalia kama mtu aliyepigwa kofi. Akasema, "Mama amekuwa akiniambia inamzidishia ugonjwa, nami nikamwambia hana imani." Tukampeleka hospitali siku hiyo hiyo, na kila kitu tukakisema. Leo mama yule anatembea mwenyewe hadi kisimani.

Ndugu zangu, huo ndio ufunguliwaji wangu. Bwana alinitoa kwenye chuki, akanitoa kwenye uongo. Bosi hakunirudishia, na sitawadanganya kwamba sisikii uchungu nikishika mwiko. Joeli bado simpendi, naomba mniombee hapo. Lakini nawasihi: kama una mgonjwa kwako, awe mtu au mnyama, mwamini Mungu kwa moyo wote, na daktari akikuuliza umempa nini, mjibu ukweli. Mungu wangu haoni aibu kwa ukweli. Nimuonee aibu nani tena? Namshukuru. Nanyi asanteni kwa kunisikiliza.